Mrithi, Jina na Shamba: Kuzisoma Nasaba za Koo za Kichifu Wilayani Rungwe kupitia Kumbukumbu za Mirathi, 1891–1963

Ikisiri

Kumbukumbu za mirathi hutumiwa na wanahistoria kama ngazi ya kupandia nasaba. Makala hii inaonyesha kwamba wilayani Rungwe ngazi hiyo ina vidato vinavyodanganya. Katika utaratibu wa Wanyakyusa, aliyerithi hakupokea mali tu, bali pia jina, wajane na watoto wa marehemu. Na koo za kichifu zilikabidhi nchi kwa kizazi kipya wakati mzee angali hai. Kumbukumbu za kikoloni ziliandikwa kwa Kiswahili, lugha ambayo istilahi zake za mirathi zilikuwa zimekomaa katika sheria ya Kiislamu ya pwani. Hoja kuu ni kwamba nasaba zinazotokana na kumbukumbu hizo ni orodha za kupokezana nafasi kabla hazijawa orodha za kuzaliana, na kwamba tofauti hiyo ina uzito katika madai ya ardhi.

1.0 Utangulizi

Anayetaka kufuatilia ukoo wenye ardhi katika miji ya pwani ya Afrika Mashariki huanza na karatasi za kifo. Sheria ya Kiislamu hugawa mirathi kwa mafungu yaliyowekwa, na kwa hiyo karani wa kadhi hulazimika kumtaja kila mwenye fungu: mjane, mama wa marehemu, binti, ndugu wa kiume na wa kike. Hata mtoto mchanga huingia katika hati kwa sababu ana haki yake. Hati moja ya mirathi ya Unguja au Mombasa inaweza kumpa mtafiti vizazi viwili au vitatu vya ukoo, wanawake wakiwamo, bila yeye kumhoji mtu yeyote.

Mtafiti huyo akipanda hadi Tukuyu akiwa na matarajio yale yale, atapata taabu. Si kwamba hakuna maandishi. Eneo la Rungwe lina bahati ya kuandikwa sana: wamisionari wa Kimoraviani na wa Berlin walifika mwaka 1891, Godfrey na Monica Wilson walifanya utafiti wao wa kianthropolojia humo kati ya mwaka 1934 na 1938, na utawala wa Waingereza uliacha kumbukumbu za mabaraza, kodi na mashauri. Nasaba za watawala nazo zimechapishwa zaidi ya mara moja. Taabu iko katika maana ya maneno yanayounganisha jina moja na jingine. Pale hati inaposema kwamba fulani ni “mtoto wa” fulani, au kwamba amemrithi “baba yake”, msomaji aliyezoea hati za pwani au za Ulaya hudhani anaelezwa habari za uzazi. Mara nyingi anaelezwa jambo jingine.

Wanyakyusa wenyewe, kama jina moja la watu wa wilaya nzima, ni zao la historia hiyo ya kuandikwa. Wajerumani waliiita nchi hiyo Konde, mmisionari C. Schumann aliichapishia lugha yake muhtasari wa sarufi kwa jina hilo mwaka 1899. Jina la Wanyakyusa, linalohusishwa na Mwakyusa, lilipanuliwa baadaye likawafunika watu wa Selya, Wakukwe na wengineo. Kwa hiyo hata jina la kabila lilienea kutoka katika jina la ukoo, na si ajabu basi kwamba majina ya watu binafsi nayo yana historia isiyo nyepesi.

2.0 Ardhi iliyosajiliwa

Inafaa kuanza na ardhi ambayo ilikuwa na hati, ijapokuwa habari zake ni fupi. Amri ya Wajerumani ya tarehe 26 Novemba 1895 iliifanya ardhi yote isiyothibitishwa umiliki wake kuwa mali ya dola. Kutoka katika hazina hiyo dola iliweza kuuza au kukodisha. Katika nyanda za Tukuyu, mji ambao Wajerumani waliuita Neu-Langenburg baada ya kuhamisha boma lao kutoka ufukweni mwa Ziwa Nyasa, wenye ardhi wakubwa walikuwa zaidi misheni kuliko walowezi. Rungwe, Manow, Mwakaleli na Kyimbila hazikuwa makanisa matupu. Zilikuwa na mashamba, warsha, na watu walioishi ndani ya mipaka yake chini ya kanuni za misheni. Kyimbila hutajwa pia kuwa miongoni mwa mahali pa mwanzo palipopandwa chai nchini, mwaka 1904.

Ardhi ya namna hii ilikuwa na kila alichotaka mwandishi wa nasaba: daftari, mipaka, jina la mwenyewe. Hata hivyo haikudumu ndani ya ukoo wowote. Majeshi ya Waingereza yaliingia Neu-Langenburg mwaka 1916. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 ukaitenga mali ya Wajerumani katika mafungu mawili: kifungu cha 297 kiliruhusu mali ya watu binafsi kutwaliwa na kuuzwa, ilhali kifungu cha 438 kilielekeza kwamba mali ya misheni iwekwe mikononi mwa wadhamini. Mlowezi aliyetarajia kumwachia mwanawe shamba hakuwa na cha kuandika katika wosia, na misheni haikuwa na mwana wa kumwachia. Daftari la ardhi lilibaki likiwafuata wanunuzi na wadhamini, wala halikufuata damu.

Kuna kinaya hapa kinachostahili kusemwa waziwazi. Familia zilizokuwa na karatasi zilitoweka wilayani, na zile zisizokuwa na karatasi ndizo ambazo nasaba zao zinatajwa hadi leo. Sheria ya Ardhi ya Tanganyika ya mwaka 1923 iliiweka ardhi yote chini ya mamlaka ya Gavana, na marekebisho ya mwaka 1928 yakaingiza katika maana ya haki ya kukalia ardhi ile haki ya mwenyeji anayeitumia kwa mujibu wa mila. Mila hiyo haikuandikwa katika sheria. Ilibidi itafutwe kila shauri lilipotokea, na waliotafutwa kuieleza walikuwa wazee wa koo zilezile zilizohusika.

3.0 Nchi iliyokabidhiwa kabla ya kifo

Mtawala wa Kinyakyusa, malafyale, hakungoja kufa ndipo nchi ipate mrithi. Wilson anaeleza utaratibu uitwao ubusoka, yaani “kutoka”. Vijana wa rika moja walikuwa wamejenga kijiji chao, ikipanga, mbali na baba zao tangu wakiwa wachungaji. Walipokomaa, takriban mara moja katika kila kizazi, wana wa malafyale walitolewa hadharani, wakuu wapya wa vijiji wakateuliwa, moto mpya ukawashwa, mipaka ikatajwa na miti ikapandwa. Wana wakuu wawili, wa wake wawili wenye vyeo, walipewa kila mmoja nusu ya nchi. Mzee alibaki na heshima ya kimila, naye hakutarajiwa kuishi muda mrefu baada ya hapo.

Kwa mtazamo wa mirathi, ubusoka ulikuwa kama wosia uliotekelezwa mbele ya mtoaji wake, ukishuhudiwa na nchi nzima. Matokeo yake kwa nasaba ni mawili. Kwanza, hakuna kifo kinachoashiria kubadilika kwa mtawala, na hivyo mtafiti anayepanga vizazi kwa kufuata vifo atahesabu vibaya. Pili, kila kizazi kilitarajiwa kuigawa nchi mara mbili. Wakati kulikuwa na misitu ya kufyeka pembezoni, mgawanyo huo ulizaa tawala mpya. Wilson alikadiria kwamba tawala za namna hiyo zilizidi mia. Mipaka ya kikoloni ilipofunga njia na watu walipoongezeka, mgawanyo ulianza kuzaa ugomvi.

Waingereza walipoanzisha utawala wa kutumia watawala wa kienyeji kwa sheria ya mwaka 1926, walihitaji machifu wachache wanaoweza kulipwa mishahara na kusimamia mabaraza. Malafyale wengi waligeuka kuwa wakuu wa vijiji chini ya wenzao. Uamuzi juu ya nani awe juu ya nani ulitegemea swali la ukubwa wa nyumba: nani alitoka katika nyumba ya mke mkuu, na nani katika nyumba ya pili? Nasaba zilizokusanywa katika mazingira hayo zilikuwa hoja katika shauri. Aliyekuwa akiitaja nasaba yake mbele ya ofisa wa wilaya alijua kwamba kidato kimoja cha nasaba kingeweza kumfanya chifu au kumfanya mtu wa kuamrishwa.

Simon Charsley, katika kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya watawala wa Unyakyusa, aliitilia shaka picha ya mgawanyo unaojirudia kwa utaratibu, akatoa nafasi kubwa zaidi kwa siasa na ushindani. Michael McKenny alifuata mwaka 1973 kwa kuhoji kama kijiji cha rika kilikuwa na nafasi iliyoelezwa na Wilson katika muundo mzima wa jamii. Mjadala huo umechukuliwa zaidi kama mjadala wa muundo wa jamii. Ungefaidika kama ungeulizwa pia swali la lugha: maneno yaliyotumiwa kuunganisha jina na jina katika nasaba hizo yalikuwa yakisema nini hasa?

4.0 Kurithi mtu

Nje ya uchifu, mirathi ya mwanamume wa Kinyakyusa, kama ilivyoelezwa na akina Wilson katika miaka ya 1930, ilikuwa hasa ya ng'ombe na wake. Haikwenda moja kwa moja kwa mwana. Ilimwendea kwanza ndugu wa tumbo moja, kisha ndugu wa baba mmoja ambao nyumba za mama zao ziliunganishwa kwa ng'ombe. Kizazi cha ndugu kilipokwisha ndipo mwana mkubwa akapata zamu yake. Ardhi ya kulima haikuwa katika orodha hiyo. Ilikuwa ya kijiji cha rika, na mtu alipewa sehemu kwa kuwa mwanakijiji, alipohama aliiacha.

Mrithi hakuchukua mali akarudi kwake. Aliingia mahali pa marehemu. Wajane walikuwa wake zake isipokuwa wale waliokataa au waliokombolewa kwa kurudishwa ng'ombe. Watoto wakamwita baba. Na jina la marehemu likawa lake. Katika Kinyakyusa jambo la tatu halikuhitaji nguvu yoyote ya lugha, kwa kuwa neno tata humtaja baba mzazi na ndugu wa kiume wa baba pia. Mtoto aliyemwita baba mdogo tata jana aliendelea kumwita hivyo leo. Kilichobadilika ni wajibu, yaani nani atamtolea ng'ombe wa kuoa.

Mfano mkubwa wa jina linalorithiwa uko katika vyeo vya ibada. Lwembe wa Lubaga huko Selya, na Kyungu wa Ungonde ng'ambo ya mto Songwe, hawakuwa watu wawili wa kale tu. Kila aliyeshika nafasi alikuwa Lwembe, au alikuwa Kyungu. Msimulizi anaposema kwamba Lwembe alikataa jambo fulani, haiwezekani kujua kutokana na jina pekee kama anasemwa wa juzi au wa vizazi vingi vilivyopita, na pengine msimulizi haoni haja ya kutofautisha. Upande wa magharibi, katika bonde la Luapula, Ian Cunnison alieleza mwaka 1956 mfumo alioutambua kama undugu wa kudumu: uhusiano kati ya vyeo viwili hubaki uleule, wa baba na mwana kwa mfano, hata kama wanaovishika leo ni watu wa umri mmoja wasio na uzazi baina yao. Rungwe haikuwa Luapula. Kule mfumo ulihusu zaidi uhusiano wa vyeo vya kisiasa katika jamii za ukoo wa kikeni. Rungwe ulienea hadi katika nyumba ya mtu wa kawaida. Lakini somo la Cunnison kwa msomaji wa nasaba ni lilelile.

Chukulia mzee aliyefariki akiacha mwana mdogo. Ndugu yake anaingia mahali pake, anapokea jina, anazaa na mjane mtoto wa pili. Baada ya miaka ishirini ndugu huyo anakufa, na yule mwana wa kwanza, sasa mtu mzima, anaingia mahali pake naye anapokea jina lilelile. Katika kumbukumbu kutakuwa na jina moja lililodumu kwa muda mrefu kupita kiasi, mwana anayeonekana kumrithi baba yake, na mtoto wa pili anayeonekana kuwa ndugu wa baba mmoja na huyo mwana. Kizazi hakijapotea, lakini watu watatu wamekuwa mmoja, na binamu amekuwa ndugu. Atakayetumia orodha hiyo kukadiria miaka, kwa kuzidisha idadi ya majina kwa wastani wa umri wa kizazi, atapata tarakimu nadhifu isiyo na msingi. Makadirio ya zamani kuhusu lini watawala walishuka kutoka Ukinga, nchi ya milima ya Livingstone inayotajwa katika mapokeo kuwa asili yao, yanapaswa kupimwa kwa tahadhari hiyo.

Kiambishi Mwa- katika majina kama Mwakyusa, Mwaipopo na Mwakatungila kinazidisha ugumu. Maana yake ni mtoto wa, au mtu wa uzao wa, yule anayetajwa baada yake. Jina la aina hiyo linaweza kufanya kazi ya kumtaja baba wa mtu, kazi ya kutaja ukoo wake, au kazi ya kutaja nafasi aliyoirithi. Msikilizaji aliyekuwapo alijua ni ipi kati ya hizo. Daftari la ubatizo, orodha ya shule na kitabu cha kodi havikujua. Vilitaka jina moja lisilobadilika, na ndivyo jina la ukoo kwa maana ya Kizungu lilivyoganda: katika familia nyingine kwenye jina la babu, katika nyingine kwenye jina la baba, kutegemea nani alikuwa wa kwanza kukaa mbele ya karani.

5.0 Kiswahili cha baraza

Kinyakyusa kilikuwa lugha ya kanisa na nyumbani. Serikali, tangu enzi ya Wajerumani, ilitumia Kiswahili. Kwa hiyo shauri la mirathi lililosemwa kwa Kinyakyusa barazani liliingia kitabuni kwa Kiswahili, na likifika kwa ofisa wa wilaya kama rufaa lilisomwa kwa akili ya sheria ya Kiingereza. Baada ya Sheria ya Mahakama za Wenyeji ya mwaka 1929 kuyaweka mabaraza hayo chini ya usimamizi wa maofisa wa utawala badala ya Mahakama Kuu, msomaji wa mwisho wa maandishi hayo alikuwa mara nyingi mtu asiyekuwa mwanasheria wala msemaji wa Kinyakyusa.

Maneno ya Kiswahili yaliyokuwa tayari kwa kazi hiyo ni wosia, mirathi, urithi na mrithi, yote yenye asili ya Kiarabu. Katika sheria ya Kiislamu wosia una mipaka inayojulikana: hauvuki theluthi ya mali, na kwa mafundisho ya Kisunni haumwongezei mrithi mwenye fungu lake ila kwa ridhaa ya wenzake. Maneno haya yalipopanda milimani yaliacha mafungu hayo nyuma, yakabaki maganda. Wosia ukawa neno la mzee akaribiapo kufa, ambalo kwa Wanyakyusa lilikuwa na uzito wa kauli ya mzee na hatari ya laana yake, bila ya kuwa hati inayogawa. Mrithi ndilo neno lililobadilika zaidi. Pwani warithi ni wengi kwa kawaida. Katika baraza la Rungwe mrithi alikuwa mmoja, yule aliyeingia mahali pa marehemu. Sentensi fupi kama “yeye ndiye mrithi” ilisemwa kwa maana ya nafasi na ikasomwa kwa maana ya mali.

Baba na mtoto ni kisa kingine. Kiswahili kina njia za kutofautisha: baba mzazi, baba mkubwa, baba mdogo, baba wa kambo. Kinyakyusa nacho hakikosi namna ya kueleza nani alimzaa nani pale inapobidi. Lakini shahidi aliyesimama barazani hakuwa na sababu ya kutofautisha, kwa kuwa katika shauri la ng'ombe aliyekuwa na wajibu ndiye baba. Karani akaandika baba. Hapana aliyedanganya hapo. Ni msomaji wa baadaye anayelidai neno lilipe deni ambalo halikukopa.

Kodi nayo iliacha alama zake. Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba kuanzia mwaka 1898, na Waingereza wakaweka kodi ya nyumba na kichwa kwa sheria ya mwaka 1922. Kwa kuwa kila mke alikuwa na nyumba yake, mwenye wake wengi alilipia zaidi. Mjane aliyerithiwa alihamia katika hesabu ya mrithi. Mtu ambaye nyumba zake zinaongezeka ghafla katika vitabu vya kodi bila dalili ya mahari iliyotolewa huenda hakuoa; huenda aliingia mahali pa ndugu yake. Dalili hiyo ni dhaifu ikisimama peke yake, ila inasaidia ikiwekwa pamoja na tarehe ya kifo kutoka katika kitabu cha kanisa.

Wanawake, ambao hati za pwani huwataja kwa lazima, hawaonekani katika orodha za warithi wa Rungwe. Wanaonekana kwenye mashauri ya mahari. Ng'ombe waliopatikana kwa binti mmoja walimwoza kaka yake, na kama kaka huyo alikuwa wa nyumba ya mama mwingine, ng'ombe hao ndio waliounganisha nyumba mbili na kuamua nani angemrithi nani kizazi kilichofuata. Shauri la mume anayedai kurudishiwa ng'ombe humlazimu shahidi kutaja ng'ombe hao walitoka wapi na walikwenda wapi, na njiani hutajwa mama, dada na shangazi. Kwa hiyo nasaba ya ukoo wa kichifu wa Rungwe haifai kuanza na jalada la mirathi ya malafyale. Ni bora ianze na mashauri ya ng'ombe wa dada zake, ambayo yana uhasama wa kutosha pande zote mbili kiasi kwamba uongo wa upande mmoja hufichuliwa na upande wa pili.

6.0 Mti wa kudumu na karatasi ya kudumu

Mabadiliko makubwa hayakuletwa na sheria. Yaliletwa na mbuni. Shamba la mahindi au maharage huhamishika na rika. Mbuni hukaa miongo. Kahawa ilipoenea kwenye nyanda za juu na mpunga kwenye tambarare za Kyela, wakati huo zikiwa bado sehemu ya wilaya hiyohiyo, na mishahara ya machimbo ya Lupa na ya migodi ya kusini iliporudi nyumbani kama ng'ombe na mabati, ardhi iliyokuwa ya kijiji ilianza kuwa ya mwenye miti. P. H. Gulliver, aliyeandika juu ya ardhi ya Unyakyusa mwaka 1958, aliona kijiji cha rika kikipoteza uwezo wake wa kugawa mashamba, na wana wakibaki kando ya baba zao wakingojea. Monica Wilson, aliporudi mwaka 1955, alikuta hali hiyo pia.

Hapa ndipo kanuni mbili zilipogongana. Ng'ombe walikuwa na njia yao kupitia kwa ndugu wa marehemu. Mibuni ilikuwa imepandwa na baba pamoja na mama na watoto, na watoto hao hawakuona kwa nini baba mdogo aivune. Kwa Wakristo mgongano ulikuwa mkali zaidi. Kanisa la Moraviani lilikataza ndoa ya wake wengi, na Mkristo mwenye mke hakuweza kumpokea mjane wa kaka yake kama mke. Lakini kama hakuingia mahali pa marehemu kwa mjane, angeingiaje kwa mali? Wengine walitaka mali bila mtu. Wosia wa maandishi, kwa maana ya karatasi inayosema shamba liende kwa mwana na siyo kwa ndugu, ulikuwa na kazi ya kufanya tangu wakati huo. Wamoraviani walikuwa pia na desturi yao ya kale kutoka Herrnhut, ya muumini kuandika habari za maisha yake zisomwe siku ya maziko. Andiko la namna hiyo humtaja mzazi aliyemzaa mtu, siku ya ubatizo na ndoa moja, na kwa hiyo lina nasaba ya aina nyingine kabisa na ile ya barazani. Ukoo mmoja unaweza kuwa nazo zote mbili, na zote mbili zikawa kweli kwa kadiri ya makusudi yake.

Mwaka 1963 mambo matatu yalitokea karibu kwa pamoja. Uchifu ulifutwa kisheria. Sheria ya Mahakama za Mahakimu iliunganisha mahakama za wenyeji na mfumo mmoja wa nchi. Na Tangazo la Serikali namba 436 lilitoa kanuni za mila kuhusu ulezi, urithi na wosia kwa jamii za ukoo wa kuumeni, kwa msingi wa kazi ya Hans Cory. Kanuni hizo zilitaka wosia wa mdomo ushuhudiwe na watu wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili wasio wa ukoo. Ziliwapanga warithi kwa daraja, mwana wa kwanza wa nyumba kubwa katika la kwanza, wana wengine katika la pili, mabinti katika la tatu. Na zilimnyima mjane fungu pale marehemu alipoacha jamaa wa ukoo wake. Zikilinganishwa na mirathi iliyoelezwa na akina Wilson, inaonekana wazi kwamba mila iliyoandikwa na mila iliyoishiwa Rungwe hazikuwa kitu kimoja: ndugu wa marehemu, ambaye ndiye aliyekuwa mtu wa kwanza, hana nafasi mbele ya watoto. Mwana aliyekuwa akimngojea baba mdogo alipewa na Serikali, kwa jina la mila, kitu ambacho mila ya babu yake ingemnyima.

Mabinti walipata kidogo, na kwa masharti kuhusu ardhi ya ukoo. Ilikuwa mwaka 1990, na mbali na Rungwe, huko Mwanza katika shauri lililotoka Kagera, ambapo Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kumnyima mwanamke haki ya kuuza ardhi ya ukoo aliyoirithi, wakati mwanamume anayo, ni ubaguzi unaopingana na Katiba.

Katika mahakama za mwanzo za leo, anayeomba kuwa msimamizi wa mirathi hutarajiwa kuja na muhtasari wa kikao cha ukoo. Wajumbe hutajwa kwa majina na uhusiano wao na marehemu, kisha hutia saini. Ni nasaba mpya, inayoandikwa na ukoo wenyewe, na mjane na mabinti wamo kwa saini zao, jambo ambalo mabaraza ya miaka ya 1930 hayakulidai. Safu ya uhusiano huwa na neno moja kwa kila mtu: mke, kaka, mtoto. Yule aliyezaliwa na mjane baada ya ndugu kuingia mahali pa marehemu, akabeba jina lake na kupalilia mibuni yake, anapaswa kujazwa katika safu hiyo kwa neno moja, na ukoo hubishana mpaka usiku ni neno gani.